Mkate wa Kumwombea Feliciana

Jumatatu, 13 Januari 2003
Alfajiri nilikwenda kwa Mama Engracia kumwomba amruhusu mjukuu wake, Feliciana, aende sekondari ya bweni mjini Nebaj. Mtoto amefaulu. Gari la shule litapita Ijumaa kuwachukua wanafunzi. Mapadre wa misheni walitufunza kwamba mtu haendi kwa watu mikono mitupu – nikabeba kikapu cha mkate mtamu na chokoleti. Nikaanza kwa mbali, kiadabu: nimekuja na ombi, mama, tafadhali usinifukuze. Kabla sijafika kwenye habari ya shule, alishusha macho. "Leo sina jibu, Mzee Melchor." Kikapu akabaki nacho.

Jumanne, 14 Januari
Aibu! Wanawake wa bombani wamenicheka waziwazi. Jirani yangu Domingo akapaza sauti: "Mzee, unaposa bila mshenga? Haraka ya nini na meno hayo?" Ndipo nilipoelewa. Mkate na chokoleti, alfajiri – ndivyo kwetu tunavyoposa! Niliposa mara moja tu maishani, na kikapu cha posa alikibeba marehemu baba. Petrona, mke wangu, niwie radhi huko uliko.

Jumatano, 15 Januari
Nilirudi kumwomba Mama Engracia msamaha na kumweleza habari ya shule.
"Kumbe ni kwa ajili ya mtoto," akasema. Akageukia moto, akauchochea ingawa ulikuwa ukiwaka vizuri.
Kisha akanikumbusha kaka yake, mwalimu. Wakati wa vita, askari walipoingia kijijini, waliuliza kwanza nani anajua kusoma, wakamchukua. Mimi na kaka yake tulifundisha katika chumba kimoja.
"Na huyu akienda, niongee na nani? Na kuku?"
Nikasema – Mungu anisamehe – kwamba kuku wangu ni wasikivu sana. Alicheka kidogo, mtandio mdomoni. Feliciana, aliyekuwa akisaga mahindi, alikuwa ameacha kusaga ili asikie.
"Kikapu chako nitakirudisha mwenyewe."
Kwetu kikapu kikirudi na mkate, umekataliwa. Kikirudi kitupu, umekubaliwa.

Alhamisi, 16 Januari
Hakuja. Ukungu kutwa. Nimefagia uwanja, nikaufagia tena.

Ijumaa, 17 Januari
Gari la shule limepiga honi huko barabarani, likaondoka. Ukungu umelimeza, sikuona nani alipanda.

Sasa Mama Engracia anapanda njia ya kwangu. Peke yake. Feliciana hayupo nyuma yake. Kikapu kimefunikwa kitambaa, lakini kinabembea mkononi mwake kama kitu kisicho na uzito – au ni macho yangu ya uzee. Amesimama kupumua penye jiwe. Amejifuta uso kwa mtandio, mara mbili, kabla ya kuendelea.

Nimeweka vikombe viwili mezani. Kimoja ni cha Petrona. Hakijatumika tangu azikwe. Labda nimefanya haraka. Labda nikirudishe kabatini –

Anapiga hodi.