Msala Ulioachwa Wazi Upande wa Kushoto

Mbeya, Jumapili

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Natumaini kikohozi chako kimekwisha na shemeji hajambo. Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia tangu Alhamisi. Barua hii nimempa mwenzangu wa darasa anayekwenda kwao Dunda, nikamwomba afike Mlingotini akukabidhi mkononi. Isome peke yako. Simu yenu huwekwa spika, mama anasikia yote, na juzi nilipogusia habari za hospitali mjomba alidakia akaniambia nisimchurie dada yake.

Chuoni tumeanza kusoma ubongo. Tunausoma kwenye vishikwambi. Unauzungusha kwa kidole, unaumenya tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Ukigusa sehemu, inaandika kazi yake. Ukiizima, pembeni anatokea mtu wa kuchorwa anayeonyesha kinachopotea. Siku za kwanza tulicheza tu: ukizima hapa mtu anakosa maneno, ukizima pale anayumba kama mlevi.

Alhamisi nikazima sehemu ya kulia, juu ya sikio kuelekea kisogoni. Yule mtu akaketi kula. Akala wali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto akauacha, akanawa. Mwalimu akaeleza kwamba macho yake ni mazima, ila kwake upande wa kushoto wa dunia haupo, na ukimuuliza atakuambia hana tatizo lolote.

Niliporudi chumbani nikafungua daftari langu. Unajua mimi huandika kila siku, hata yasiyo na maana. Tarehe 3: dada analalamika mama anadeka, anabakiza nusu sahani. Tarehe 9: mama kajigonga bega la kushoto mlangoni, anasema mlango umehamishwa; tumecheka sana. Tarehe 14: msala wa kusalia alionishonea mama umefika.

Huo msala, dada. Upande wa kulia ukili uliosukwa kwa miyaa ya mkindu umeshonwa kwa mshono wa mama ninaoujua tangu utoto. Upande wa kushoto mshono unarukaruka, kisha unakoma na kuacha uwazi, na upindo haupo kabisa. Mama, aliyekuwa akitufumulisha ukili mzima kwa kosa la jani moja! Ninayelala naye chumba kimoja alisema huo ni msala wa mtu wa mguu mmoja. Nikacheka naye, nikaandika daftarini kwamba mama sasa anazeeka.

Ijumaa niliupeleka kwa mwalimu. Nilijua atanicheka, maana husema kila mwaka wanafunzi wake huugua kila ugonjwa wanaousoma. Aliutandika mezani, akafuata upindo kwa kidole hadi ulipokatikia. Hakucheka.

"Amekuwa hivi tangu lini?" akauliza.

Nikamsomea daftari. Akaukunja msala, akasema, "Sijui ni nini, na wewe hujui. Apimwe. Usingoje likizo."

Ameandika karatasi ya kumpa daktari; nimeiweka humu ndani. Nikamuuliza kama huenda nimekosea. Akasema hakuna analoliomba zaidi ya hilo, kwamba nimekosea.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpakulie mama kama kawaida. Akisema ameshiba, usibishane naye, izungushe sahani tu. Akianza kula tena, utakuwa umeona nilichokiona. Lakini hata asipokula, siku hiyohiyo mchukue hadi hospitali Bagamoyo, na kwenye bodaboda wewe ukae nyuma yake umshike. Ukiona mdomo umekwenda upande au mguu unaburuzika, usimwite mtu wa kuchua, usingoje mjomba atoke msikitini. Kilichokwisha kutokea kimetokea. Ninaogopa kinachofuata.

Atakataa. Atasema haumwi, naye atakuwa anasema kweli yake. Usimtajie ubongo. Mwambie mwanawe huku Mbeya halali wala hali kwa hofu, na dawa yake ni yeye kupimwa. Kwa ajili yake mwenyewe haendi. Kwa ajili yangu ataenda.

Nisalimie shemeji, shangazi wa nyumba ya pili, na jirani anayempa mama miyaa. Mwambie asimletee mingine kwa sasa. Mjomba mpe shikamoo yangu, na unisamehe kwa niaba yake kwa kutomsikiliza.

Mama asiambiwe kwamba msala haukuisha. Nausalia hivyo hivyo. Nikisujudu, kiganja cha kushoto kinagusa sakafu, na sakafu za huku ni baridi. Hapo ndipo ninapomtaja.

Mdogo wako anayengoja simu yako,
Rajabu