Mke Wangu Ametoka Kwenye Sinema, Sasa Ananitazama Mimi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa Misunkumilo wameshanicheka wa kutosha na sihitaji wa kuongezea kutoka Dar es Salaam. Mimi ni mzee, meno ya mbele yameshastaafu, shule niliishia darasa la tatu kwa sababu mwalimu alipenda kuchapa na mimi nilipenda ng'ombe, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda inyooshe wewe mwenye mshahara. Nilihamia Mpanda na mifugo kutoka Usukumani zamani, nikaoa huku huku, binti wa Kikonongo wa Inyonga, tukazaa watoto ambao wote wameshaondoka, wa kwanza wao ni Cletus, ndiyo maana mke wangu anaitwa Mama Cletus. Watu wote wanamwita hivyo na mimi namwita hivyo. Hapo pashike, usipaachie, maana ndipo kesi ilipo.

Jumapili moja baada ya misa, Ezekia mwenye banda la video pale Majengo alitangaza kwamba ana kaseti ya vichekesho ya Wafaransa, haijawahi kuonekana mkoa mzima wa Rukwa, na akina mama wanakaribishwa. Sasa usitudharau, sisi wa banda la Ezekia siyo washamba wa sinema, karate tumeona mpaka tumechoka, Wahindi wanaolia huku wanacheza tumeona, tunajua kabisa kwamba staringi hafi na adui anakufa mwishoni. Kifaransa ndicho hatukijui, kwa hiyo Ezekia akamweka Salvatori, Mrundi wa kule makazi ya wakimbizi ya Katumba ambaye kwao alikuwa mwalimu, asimame pembeni ya televisheni na fimbo atueleze nani kasema nini. Wanaume tukakaa mbele, wanawake nyuma, mimi benchi la kwanza kwa sababu ya macho.

Sinema yenyewe ilianza vizuri. Kuna muuza mikate mnene na mke wake, mke anabeba sinia la mikate anapanda ngazi, anashuka ngazi, anapanda tena, na mume anaongea yeye tu, habari za unga, habari za tumbo lake, habari za jirani. Tukacheka. Halafu yule mke akasimama katikati ya ngazi akageuka kumtazama mtu wa kamera, mshauri, anamtazama yule anayempiga picha, kitu ambacho tangu nianze kuona sinema sijakiona, akamuuliza, "Kwenye karatasi zenu mimi nimeandikwa nani?" Na yule mkubwa wao anayewapanga naye akatokea kwenye picha, sigara mdomoni, akafungua karatasi akasoma, "Mke wa muuza mikate." Mwanamke akasema hilo siyo jina. Akaweka sinia chini, akaruka nyaya za taa, akatoka kwenye sinema.

Ezekia alikimbilia deki akidhani imeharibika, lakini mkanda ulikuwa unaendelea kama kawaida, na tukamwona yule mwanamke anaingia ukumbi ambao watu wamekaa wanaangalia sinema hiyo hiyo tuliyokuwa tunaangalia sisi, akakaa katikati yao, akafungua mfuko wa karanga, akaanza kumtazama mume wake aliyebaki anaongea na kiti. Wakubwa wa sinema wakahangaika, wakamkamata bata mzinga wakamfunga aproni ya mke wakamkalisha kwenye kile kiti, na muuza mikate akaendelea kumweleza bata mzinga habari za unga. Vijana wa nyuma wakaanza fujo, wanasema hakuna sinema hapa, staringi kaacha kazi, Ezekia awaeleze. Mwinjilisti Nathanael akasimama akaikemea televisheni kwa jina la Yesu, kisha akakaa tena aone itakuwaje.

Ndipo yule muuza mikate akachoka na bata mzinga, akageuka, akatutazama sisi. Najua ni mkanda, usinifundishe, lakini alitazama benchi la kwanza. Salvatori mwenyewe sauti ilimshuka, akasema, "Anauliza, nyie mliokaa huko, wake zenu mnawaitaje?"

Na nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua hata kama nimelala:

"Mjibu."

Nilipoa mwili mzima, mshauri, mpaka kofia niliiona nzito. Ningeweza kukaa kimya, ningeweza kukohoa, lakini mimi ni mtu wa kujibu, hata padri nilishawahi kumjibu katikati ya mahubiri, kwa hiyo nikaiambia ile televisheni, "Mama Cletus." Na sijui ilipangwaje huko Ufaransa, muuza mikate akatikisa kichwa, hapana. Banda likalipuka, watu wakaanguka kwenye mabenchi kwa kicheko, na kabla sijamtukana jenereta ikaishiwa mafuta, picha ikafa, na mpaka leo Mpanda nzima hakuna anayejua kama yule Mfaransa alilipata jina la mke wake au alizeeka na bata mzinga.

Kesho yake niliamka sikusikia kuni zikipasuliwa. Nikatoka nikamkuta mke wangu amekaa kwenye kigoda uwanjani, ameelekea jikoni, karanga kwenye kanga. Nikamuuliza uji uko wapi, akasema, "Endelea tu, mimi natazama." Nikadhani ni utani, na utani mimi naujua, nikaingia jikoni kumtania kidogo, nikawasha moto, moshi ukanitoa machozi, yeye huko anacheka pale pa kucheka na ananyamaza pale pa huzuni. Jioni hivyo hivyo. Siku iliyofuata jirani yetu Theopista akaja na kigoda chake na karanga zake, akafuata mke wa Salvatori, sasa wanakuja wengi, wananyonyesha watoto huku wananitazama nasonga ugali, na wananisema kama vile siwasikii. "Staringi kaunguza." "Subiri, ataonja." "Huyu hafai kabisa, mlimtoa wapi?" Juzi ng'ombe wangu Meja alinikanyaga mguu nikaruka ruka, wakapiga makofi. Nathanael alikuja kumkanya mke wangu kwa maandiko, na wakati anakanya, mke wake mwenyewe akaonekana anakuja na kigoda kichwani, mwinjilisti wa watu akaondoka kupitia nyuma ya zizi na hajarudi.

Wazee wenzangu wameacha kunitembelea, wanaogopa wake zao watakuja kutazama.

Nilimwita mke wangu pembeni nikamuuliza mwisho wa jambo hili ni nini. Akaniambia bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwamba kaka yake Stanslaus anakuja na lori la tumbaku mwisho wa mwezi, litarudi Inyonga, na yeye atapanda aende kukaa kwa kaka yake moja kwa moja, labda nisimame uwanjani, mbele ya watu, nimwite kwa jina lake. "Nikifa wataandika nini kwenye msalaba," akasema, "Mama wa fulani, mke wa fulani? Nilikuja kwako na jina langu."

Mshauri, sikulala. Huyu mwanamke akiondoka mimi nitakuwa yule mzee wa kiti na bata mzinga, na bata mzinga mwenyewe sina. Lakini nisikilize na mimi. Jina lake la nyumbani ni la bibi yake aliyemlea, ambaye ndiye alikuwa mama mkwe wangu kwa hesabu ya kwetu, na kwetu jina la mama mkwe halipiti mdomoni mwa mwanaume, hata akiwa amekufa, hata ukibanwa na mlango. Lile la kanisani nalijua, lakini mzee wa umri wangu kusimama uwanjani anamwita mke wake jina kama kijana wa disko, Theopista akiwa pale na karanga, si afadhali Meja anikanyage mguu wa pili? Naomba unieleze nifanyeje. Na kama huko mjini kuna mtu aliyeiona ile sinema mpaka mwisho, naomba uniambie iliishaje. Halafu kuna watu wanasema wewe mshauri ni mwanaume mwenye ndevu unayejifanya mwanamke, sijui, mimi nimeandika tu.

Wako mwenye mguu uliovimba,
Mzee Masunga, Misunkumilo, Mpanda.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee Masunga. Ndevu sina. Heshima nimeshatoa, sasa kaa chini nikwambie.

Nakuonea huruma kwa mguu, kwa moshi na kwa kicheko cha majirani, maana kutazamwa unapokosea kunauma. Mke wako anakijua kidonda hicho kuliko wewe. Amesonga ugali kwenye jiko hilo hilo miaka yote hiyo, umekaa nje unatazama, na sidhani kama uliwahi kupiga makofi.

Barua yako nimeisoma mara ya pili na kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta kitu kimoja. Umenitajia Ezekia mwenye banda. Umenitajia Salvatori na fimbo yake, Theopista na karanga, mwinjilisti aliyekimbia kupitia zizini, shemeji mwenye lori. Umenitajia ng'ombe, mzee, ng'ombe nimemjua kwa jina na cheo. Huyo unayeogopa kumpoteza ameingia kwenye barua yako akatoka bila jina, na hapa gazetini hakuna mama mkwe, hakuna uwanja, hakuna mtu wa kukucheka isipokuwa mimi. Ulishindwa kuliandika hata kwangu, mtu usiyeniona. Usinisingizie mila.

Na mila naiheshimu. Jina la bibi yake liache lilipo, usilitamke, mke wako ni mtu mzima na amekaa na Wasukuma muda wa kutosha, anajua halitoki. Ndiyo maana hakusema ni lipi. Amekuachia mlango wa kanisani wazi na wewe unauona, ila unaona aibu kuupita kwa sababu Theopista yuko pale. Mzee mzima uliyejibishana na padri na televisheni leo unamwogopa mwanamke mwenye karanga?

Fanya hivi, na usinibadilishie kitu. Usingoje lori. Siku gazeti hili likikufikia, fua shati, vaa kofia hiyo nzito, subiri wakae wote na vigoda vyao, wasipungue. Kama hawajatosha waite. Toka jikoni, simama mahali ambapo yeye anakuona, umwite kwa jina lake la ubatizo, lote, kwa sauti uliyotumia kuijibu ile televisheni. Halafu unyamaze. Hapo ndipo utapata tabu, nakujua kwa barua moja tu: utataka kuongeza kichekesho ili watu wacheke na wewe badala ya kukucheka. Usiongeze. Wakicheka, waache wacheke mpaka waishe. Yeye akikuuliza unataka nini, mwambie ukweli ulioniandikia mimi, kwamba hutaki kubaki na kiti. Hilo ulipaswa kumwambia yeye kabla yangu.

Kesho yake jikoni ingia mwenyewe bila kuitwa, si kwa adhabu, ni kwa sababu sasa unajua kusonga ugali, japo unaunguza. Na kama pamoja na yote hayo atapanda lori, panda na wewe. Meja mwachie Theopista, anapenda kutazama.

Kuhusu sinema, hapa ofisini hakuna aliyeiona na sitakutafutia. Mfaransa huyo ana watu wa kumwandikia mwisho wake na wewe huna.

Ukiniandikia tena, barua ianze na jina la mke wako. La kwako nimeshalijua.