Jora la Chini ya Kaunta

Jumanne, 1 Juni 1976

Ukungu mpaka saa nne. Nimefungua duka kwa mazoea tu. Chumvi ipo, viberiti vipo, mafuta ya taa kidogo, sabuni ya mche vipande vichache. Sukari hakuna tangu Pasaka. Watu wanaingia, wanatazama rafu, wanauliza habari za nyumbani, wanatoka.

Mama ameamka na kifua chake. Kabla hajagusa uji ameuliza lile la kila asubuhi: nguo ipo? Nikamjibu ipo. Akanywa uji.

Nguo ni jora la bafta, kitambaa cheupe cha pamba, chini ya kaunta. Marehemu mume wangu aliliweka pale mwaka tulipofungua, kama walivyofanya wenye maduka wote wa milimani waliolelewa vizuri. Haliuzwi kwa harusi, haliuzwi kwa kipaimara. Ni la maiti. Akifa mtu, Mkristo au Mwislamu, wanakuja, tunakata sanda, anazikwa. Kulipa baadaye. Wengine hawalipi, na hatudai. Likikaribia kwisha tunateremka Lushoto kuleta jingine. Mwaka huu hata Lushoto halipatikani, na hili limebaki la watu watatu hivi. Mama amekwisha kujiwekea sehemu yake kwa mdomo. Anasema alizaliwa akafungwa matambara, hataondoka na nguo ya kuunga. Anataka kipande kizima.

Jumamosi, 5 Juni

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti ni Zakaria, shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Ametangaza kwamba maduka ya watu binafsi basi. Kijiji chetu cha Mlola kitakuwa na duka moja la ujamaa, na bidhaa zetu zote zitahamia huko kwa bei ya kununulia. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono ina mazoea yake.

Akasema wenye maduka ni wanyonyaji. Nilikaa mstari wa mbele, nimevaa viatu vya plastiki vilivyopasuka pembeni. Mnyonyaji mzima.

Sikatai kwamba wapo. Wapo waliokuwa wanaficha sukari nyuma ya nyumba na kuwauzia wanaojuana nao. Tunawajua, tuliwalaani pamoja. Lakini mgonjwa mmoja, dawa tunywe wote?

Jirani yangu Mama Hiza amenisindikiza nyumbani. Mumewe anachuma chai kwenye shamba kubwa ng'ambo ya bonde. Zamani lilikuwa la kampuni ya Wazungu, sasa ni la umma. Anasema meneja mpya ni mwenzetu, lakini anakaa nyumba ile ile ya kilimani, mbwa wale wale, na mzani wa majani ni ule ule unaopunja. Mumewe husema zamani alijua wa kumlaani. Sasa shamba ni lake, ajilaani mwenyewe? Tulicheka mpaka tukafika. Halafu kila mtu akaingia kwake.

Jumatatu, 14 Juni

Wamekuja kuchukua vitu. Zakaria na mgambo wawili. Siku zote akifika hapa husema shikamoo shemeji kabla hajavuka kizingiti. Leo ameniita ndugu.

Mama Hiza alinishauri jana nilifiche jora kwenye pipa la mahindi. Nilifikiri sana. Anayekutwa na kitu siku hizi anaitwa mhodhi na kupelekwa mahabusu Lushoto. Nikienda huko, Mama atanyweshwa uji na nani? Nikalitoa mwenyewe, nikaliweka juu ya kaunta, nikamwambia Zakaria mbele ya mgambo wake.

"Hili ni la maiti. Lisiuzwe, lisikatwe kwa jambo jingine. Mama yangu ana sehemu yake humu."

"Nimesikia," akasema. Akalibeba yeye mwenyewe, hakuwapa mgambo. Hilo nalikumbuka kwa wema.

Duka tupu lina sauti. Nimefagia mara mbili na hakuna uchafu.

Jumanne, 15 Juni

Nguo ipo? Nikamjibu ipo. Sikusema uwongo. Ipo, ila si kwetu.

Jumapili, 27 Juni

Duka la ujamaa liko ndani ya ghala la zamani la kahawa. Lina kufuli tatu na wanakamati watatu, kila mmoja na ufunguo wake, ili pasiwe na wizi. Siku akikosekana mmoja, hakuna duka. Jumatano aliyekosekana alikwenda semina. Ijumaa alikuwa analima. Kijiji kizima kimekosa chumvi, na chumvi inaonekana dirishani.

Mimi si mpinzani. Kadi ya chama ninayo tangu tulipokuwa tunaificha kwenye unga. Nilicheza ngoma ya Uhuru nikiwa na mtoto mgongoni. Kwamba mtu asimle mwenzake, hilo nalikubali mpaka kesho. Nimechoka tu na kuokolewa na watu wasioniuliza ninazama wapi.

Mama anasema yeye ameona mengi. Mjerumani alitaka barabara, Mwingereza akataka matuta, zumbe, chifu wetu wa zamani, akataka kodi, na wote walisema ni kwa faida yetu. Zakaria anamwita zumbe mpya. Nimemkanya asiseme kwa sauti. Akaniuliza, zumbe mpya atamfunga bibi kizee? Kifua kikambana, akakohoa mpaka nikaogopa.

Jumatano, 30 Juni

Mganga wa zahanati amesema ni mapafu, na ni uzee. Dawa aliyotaka kumpa hana. Ameomba, hazijaletwa.

Ijumaa, 9 Julai

Mama anataka kuigusa nguo. Kusikia hakumtoshi tena. Nikamwambia kesho.

Nimekwenda kwa Zakaria. Nikamwomba anipe kipande cha Mama tu, nikiweke ndani. Akasema ni mali ya kijiji, akinipa mimi wengine watasemaje. Kikao cha kamati kitakaa. Lini? Baada ya ugeni. Mkubwa kutoka Tanga anakuja kufungua duka letu, na wilayani wameagiza kijiji kipendeze.

Nikamkumbusha aliyoyasikia. Akasema anakumbuka. Uso wake umekonda siku hizi. Nadhani na yeye halali vizuri. Lakini huruma yangu ni kidogo, na ninaye mgonjwa wa kumpelekea.

Jumapili, 11 Julai

Nimemdanganya Mama. Nimempa shuka langu la harusi, lile la maua, alishike gizani mwa chumba. Akalipapasa, akasema bafta ya siku hizi imekuwa nzito. Nikatoka nje nikalia.

Jumamosi, 17 Julai

Naandika kwa hasira.

Mgeni aliambiwa saa tatu, akafika saa saba. Watoto wa shule walisimama tangu asubuhi wakipuliza vidole. Mama alisikia ngoma, akataka kutoka apate jua lililojitokeza. Mimi na Mama Hiza tukambeba na kiti chake mpaka uani. Uani kwetu unaona kiwanja chote.

Na jukwaa. Jukwaa zima jeupe. Bafta mbele, bafta ubavuni, bafta imefungwa mafundo kwenye nguzo kama utepe wa keki. Hata utepe wa mlangoni, ule wa kukatwa na mkubwa, ni bafta.

Mama akatazama kwa muda mrefu. Macho yake ya mbali bado ni mazuri.

"Debora, nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna, ni mgeni.

"Mbona mmemtandikia sanda?"

Wanawake waliokuwa kando ya ua wakasikia. Mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Wengine wakatazama chini. Hakuna kati yao ambaye nyumba yake haijawahi kuja kwangu kukata ile nguo. Wote waliitambua tangu asubuhi na hakuna aliyesema. Na mimi ningesema nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mkubwa akahutubia. Akasema wanyonyaji wamekwisha, sasa mkulima anajitosheleza kuanzia chumvi mpaka nguo. Tukapiga makofi. Wakati huo Mama akanivuta mkono.

"Ile ni yangu?"

Nikamwambia ndiyo. Akaomba arudishwe ndani.

Jumapili, 18 Julai

Sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa Zakaria, na sikubisha hodi mara tatu.

Akasema aliwaambia vijana watandike jora zima, wasikate, jioni likunjwe na kurudi. Wao wakaona halipendezi. Alipofika saa mbili lilikuwa limekwisha kuwa vipande, vimepigiliwa misumari. Akasema wilayani walitaka jukwaa lipambwe, na kijiji hakina kitambaa kingine. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, si ya ubishi:

"Ningepamba na nini, shemeji? Majani ya mgomba?"

"Majani ya mgomba yangetosha."

Harusi zetu zote tulipamba kwa migomba, na ya kwake pia, na mimi ndiye niliyeifunga langoni. Nilimwacha amekaa na chai yake imepoa.

Ninachoshindwa kusamehe si jora. Kampuni ile ya chai haikutujua, ilitupunja kwenye mzani bila kujua majina yetu. Huyu anatujua. Anajua Mama anapenda uji wa namna gani.

Jumatatu, 19 Julai

Mama amefariki asubuhi, kikombe cha uji kikiwa mkononi mwangu. Leo hakuuliza.

Jumatano, 21 Julai

Tumemzika jana. Nataka kuandika yalivyokuwa kabla sijaanza kuyapamba.

Kufuli tatu zilifunguliwa siku ile ile, hazijawahi kufunguliwa haraka hivyo. Hakuna nguo ndani. Mama Hiza akawa anazunguka kwa wenye mashuka. Kabla hajarudi, Zakaria akaja na beseni kichwani. Mwenyekiti, na beseni kichwani, akipita katikati ya kijiji. Ndani vipande vya bafta, vile alivyoweza kukusanya; vingine vilikwisha kupotea. Alikuwa amevifua mwenyewe, vidole vimekauka kwa sabuni ya mche. Alisimama nje ya kizingiti.

"Shikamoo, shemeji."

Niliitikia. Sikutaka, mdomo ukaitikia wenyewe.

Ukungu haukuruhusu kitu kukauka. Wanawake wakawasha pasi za mkaa, wakavikausha kimoja kimoja, wengine wakaunga kwa mkono. Jikoni kulijaa. Yule aliyecheka Jumamosi ndiye aliyeshona mshono mrefu kuliko wote, na hakuinua macho. Matundu ya misumari hayakuzibika. Miguuni pakabaki pengo. Utepe wa mlangoni, yule mkubwa wa Tanga aliondoka nao kwenye gari, uwe kumbukumbu. Zakaria akavua shati lake jeupe la kanisani, akalipitisha mlangoni mwa jikoni, akabaki na koti tupu mwilini. Mama Hiza akafumua mgongo wa shati, akaunga.

Mwinjilisti alihubiri vizuri, nadhani. Sikusikia. Nilikuwa natazama mishono. Mama yangu aliomba kitu kimoja katika dunia hii, kipande kizima. Amezikwa na nguo ya kuunga, na matundu ya misumari ya mgeni. Nimeyaandika. Sitayasema kwa mtu.

Jumapili, 1 Agosti

Siku hizi sina la kufungua asubuhi. Nalima mboga. Kabichi zimekubali, gari la kuzinunua ndilo halijakubali. Wanasema wiki ijayo.

Ijumaa, 13 Agosti

Jana lori la mgawo limefika kutoka Lushoto. Sukari, sabuni, khanga chache, jora moja la bafta. Foleni ilianzia dukani mpaka kwenye mfereji. Nilipanga foleni kama wengine, kikapu mkononi, nyuma ya mke wa fundi seremala, ambaye mwanawe anapata kipaimara mwezi huu.

Zakaria alikuwepo tangu lori linashushwa. Kabla kuuza hakujaanza akalichukua lile jora kwa mikono yake, akainama, akaliweka chini ya kaunta. Mke wa fundi alipofika mbele akaomba yadi mbili za bafta. Muuzaji akamtazama mwenyekiti.

"Ile haiuzwi," Zakaria akasema.

Kijana wa nyuma akauliza kwani ni ya nani. Mke wa fundi akasema basi apimiwe sukari, na foleni ikasogea. Mimi nikanunua chumvi na sabuni. Sukari ilikwisha watu wanne kabla yangu.

Leo ukungu tena. Nimekoroga uji mwingi kuliko unaotakiwa, kama ninavyokosea kila siku. Kitanda cha Mama bado sijakiondoa. Nikasimama mlangoni mwa chumba chake na kikombe, nikamwambia ipo. Halafu nikakaa, nikaunywa mwenyewe.