Mama Mkwe Anataka Niseme Mwanangu Haumwi

Mpendwa mshauri Dona Iolanda, naomba msaada na naomba unijibu upesi, maana nina furaha mpaka sikai chini, juzi walikuja watu wa chuo kikuu pale chekechea kupima jinsi meno mabovu yanavyowatesa watoto wadogo, wakatuuliza wazazi mmoja mmoja, mtoto ameshindwa mara ngapi kunywa kitu baridi, kula, kulala, ameacha mara ngapi kucheka, na jamani, kila swali lilikuwa linamsema Maiara wangu! Mtoto wa miaka minne tuliyemwita mdekaji, anayetafuna pamonha, ule mkate laini wa mahindi, upande mmoja, anayeamka akilia, anayeziba mdomo kwa kiganja akicheka, kumbe hadeki, ni jino! Nikajibu "mara nyingi sana" huku nalia na kucheka, na dada aliyekuwa akiuliza akasema Maiara atakuwa wa kwanza kutibiwa Jumatatu, kabla ya ngoma ya sikukuu ya São João, ile ya harusi ya kuigiza, ambayo yeye ndiye bibi harusi wake.

Sasa mama mkwe, Dona Zulmira, anayemlea nikiwa kazini na kumlaza na chupa ya maziwa yenye sukari, amewaka moto. "Umeniaibisha mji mzima! Meno ya utotoni yanang'oka yenyewe. Mimi niling'olewa yote wiki ya harusi yangu, ndiyo ilikuwa desturi ya mabinti, baba akanizawadia ya bandia, kwani nimekufa?" Anataka nirudi niseme nilikosea, mtoto hana neno, la sivyo nitafute mlezi mwingine, na mwingine sina, na mume wangu anatazama dari tu. Nifanyeje?

Jucineide

Jucineide mwanangu, hongera! Nimesoma barua yako nikampigia kelele jirani aje asikie. Unajua ni wazazi wangapi huulizwa maswali hayo wakajibu "kamwe, hajambo" kwa kuogopa watu, mtoto akabaki na uchungu wake? Wewe umesema. Halafu unaniuliza kama urudi ukakanushe? Thubutu! Ukibadilisha majibu, jino litaendelea kuuma vilevile.

Ila na wewe ngoja nikuseme. Ile chupa uliiona, ukanyamaza kwa sababu mtoto alilala nawe ukapumzika. Usimtwishe bibi mzigo wote. Kuanzia leo chupa ya kulalia ni ya maji matupu, na mswaki unaushika wewe mwenyewe. Na huyo mume mwambie dari haina meno, ashuke aseme na mama yake.

Jumatatu mtoto anaenda, hakuna mjadala. Lakini Jumapili, kahawa ikiwa mezani, keti na Dona Zulmira umuulize maswali yale yale kuhusu yule msichana aliyekuwa yeye, wiki ile ya harusi. Alishindwa kula? Kulala? Aliacha kucheka? Kisha nyamaza, usimbishie hata kidogo. Mimi ni rika lake. Zawadi ile nami nilipewa, nikasema asante na kitambaa chenye damu mdomoni, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza kama iliuma.

Atakuambia, mwanangu. Atakuambia mpaka kahawa ipoe. Akimaliza, mwambie Jumatatu avae viatu vyake vizuri, kwa sababu bibi harusi wenu anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Dona Iolanda