Vichwa vya Samaki vya Bosko

Jumamosi, Gede. Mvua imetishia tangu asubuhi ikaghairi. Joto limenibana, ila fulana niliyovaa imenibana zaidi.

Mnaonisoma mnamjua Bosko, mbwa wangu, na mnakumbuka alivyokuwa: manyoya yananyonyoka, mbavu zinaonekana ukiwa barabarani. Nilikuwa namlisha ugali na mchuzi nikidhani namlea. Daktari wa mifugo alimgeuza huku na huku, akaniambia hana ugonjwa wowote, chakula chake ndicho kibovu. Kisha akakitazama kitambi changu. Alikitazama kwa muda.

Akanishauri samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, malenge, na wali kidogo. Chumvi na vitunguu, marufuku. Samaki mzima kila siku asingewezekana kwa karani wa duka kama mimi, basi nikaenda kwa Athumani, muuza samaki wetu wa hapa kituo cha matatu, nikachagua vichwa. Vina minofu mashavuni, vina mafuta, na ndivyo vinavyobaki jioni. Nikamwambia aniwekee ndoo nzima ya kuchukua kila asubuhi, na nikamwongezea kidogo juu ya bei ili asinisahau.

Bosko akanawiri. Mke wangu, Mama Neema, alisema angalau sasa nyumba hii ina dume moja la kutembea nalo.

Nami nikajisifu. Nikaandika humu mtandaoni namna ninavyompikia, mwanzo hadi mwisho, na picha ya Bosko amekaa kama chifu barazani. Sijawahi kuandika kitu kikasomwa hivyo. Hata nilipoandika habari za mazishi ya baba yangu hamkuja wengi namna ile.

Leo asubuhi Mama Kadzo alikuja kuchota maji. Ni jirani yetu, chumba chake na chetu vinagawana ukuta mmoja. Analea wajukuu zake peke yake kwa kuwafulia watu nguo. Alinikuta uani nimechuchumaa, nachambua vichwa vya kolekole, sufuria imejaa pomoni, na Bosko ameketi pembeni akisimamia kazi.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi nini tena, mamangu?"

"Athumani aliniambia kuna mkubwa mmoja anavichukua vyote. Mimi nikajua ni hoteli."

Nikacheka.

Ndiyo, nilicheka, maana sikuwa nimeelewa. Mama Neema alielewa, akainamia vyombo vyake.

Vile vilivyokuwa vikibaki jioni, Mama Kadzo ndiye aliyekuwa akivinunua. Akivitia tui, wajukuu wanapata cha kuchovyea ugali. Tangu ndoo iwe yangu, wanaula na chumvi. Alinieleza bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya barabara. Kisha akamtazama Bosko vizuri, juu mpaka chini.

"Amependeza. Nywele zake zimekolea kushinda za wajukuu zangu." Akajitwisha mtungi. "Miiba umtolee yote, Baba Neema. Yule wangu mdogo alikuwa akikwamwa."

Alasiri nikaenda kwa Athumani nikiwa na uso wa mtu mwema. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi njiani. Nikamwambia kuanzia kesho ile ndoo ni ya Mama Kadzo, mimi nitailipia.

"Ndoo gani, bwana?"

Akanieleza. Alikuja mlinzi wa nyumba moja ya kifahari huko Watamu, na simu mkononi, na ndani ya simu Bosko wangu amekaa kama chifu. Halafu akaja mwingine. Mabosi wao wanataka mbwa wao wang'ae vivyo hivyo. Wameshalipa mbele, na wanalipa vizuri. Athumani alikuwa hata akitafuta namna ya kuniambia na mimi kwamba ndoo yangu ya leo ndiyo ya mwisho.

"Na Mama Kadzo?" nikamuuliza.

"Mama Kadzo hawezi bei hiyo. Na si wewe uliyenifundisha kwamba vichwa vina bei?"

Uso wangu wa mtu mwema nikarudi nao nyumbani, haukupata kazi.

Nikafikiria kumpelekea Mama Kadzo ile sufuria, maana Bosko alikuwa hajaigusa. Nikaishika masikio yake, nikafika mlangoni.

"Mpelekee," akasema Mama Neema. "Haina chumvi, haina kitunguu. Mwambie mbwa ameshiba."

Nikaiweka chini. Bosko hakungoja tumalize mashauriano.

Jioni nimeyafuta maandishi yale. Msomaji mmoja ameshaniandikia kuuliza yamekwenda wapi, maana mbwa wake ndiyo kwanza ameanza kunenepa.

Kesho nitaamka mapema niwatangulie walinzi wa Watamu. Nikimbembeleza Athumani nikapata hata vichwa viwili vitatu, ni vya Mama Kadzo. Nimejiapiza hivyo. Tatizo ni kwamba nilikuwa najiapiza huku Bosko ameegemeza kidevu gotini pangu, na kesho naye atataka kula.

Sasa hivi analamba sufuria. Anaisukuma kwa pua mpaka inagonga ukuta, ule ule tunaogawana. Upande wa pili wamenyamaza, wanasikiliza.