Furu Mia Moja na Arobaini Kutoka Bergen

Nyakato, Mwanza
8 Februari 1999

Mwanangu mpendwa Prudencia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baridi ya huko Bergen haijakuzidi nguvu. Sisi huku wazima. Mama yako magoti yamepata nafuu, na anauliza kama huko Norwei kweli mnakula samaki wabichi au unamtania.

Umeniuliza tena habari za madaftari yangu. Hii ni mara ya tatu, na mara mbili za kwanza nilikujibu kwamba yapo salama. Mwanangu, nilikudanganya. Mvua zile kubwa za mwaka jana ziliingia ndani mpaka usawa wa kitanda, na sanduku la madaftari lilikuwa chini yake. Tulipolifungua, karatasi zilikuwa zimeshikana kama ugali. Niliziweka juani siku nne. Zilipokauka ndipo zikamomonyoka kabisa.

Miaka ishirini na mitatu nilikaa kwenye meza ya kituo cha samaki nikichora furu, wale samaki wetu wadogo, kila aina kwa magamba yake, kabla sangara hajawamaliza ziwani. Wengine wao siku hizi hakuna mtu anayeweza kukuonyesha. Sikukuambia kwa sababu ulipoacha masomo ya samaki ukaenda kwenye kompyuta nilikusema vibaya, nikajigamba kwamba mimi nimeacha kitu cha kuonekana. Sasa sina.

Usinihurumie. Nimeona aibu kuendelea kudanganya, basi.

Mimi baba yako,
Apolinary Muganyizi

*

Bergen
1 Machi 1999

Baba! Hayajapotea!

Samahani, shikamoo kwanza. Shikamoo na mama. Mimi mzima, theluji inanifika magotini, na ndiyo, samaki wabichi wanakula, mwambie mama siku hizi hata mimi nakula. Sasa nisikilize.

Unakumbuka mwaka 1996 ulinipa madaftari nije nayo huku kwa ajili ya maonyesho, ukanifuata hadi kwenye lango la uwanja wa ndege kuniambia, "Kuangalia waangalie, kunakili hapana." Nilijua sababu. Nilikuwa darasa la kwanza mwaka ule yule mtafiti mgeni wa kituoni alipochapisha samaki wako kwenye kitabu chake akaweka jina lake. Lakini baba, sikukutii. Kabla ya kuyarudisha kwa mkono wa Padre mmoja aliyekuwa anakuja Mwanza nilikaa na mashine ya chuo inayopiga picha karatasi, skana wanaiita, wiki mbili nzima. Nilipiga kurasa zote. Furu mia moja na arobaini, na rangi zao. Nikaogopa kukuambia. Kumbe wewe unaogopa kuniambia kwamba yameharibika na mimi naogopa kukuambia kwamba yapo!

Yako wapi? Hapo ndipo ugumu. Kila mwanafunzi hapa ana nafasi yake kwenye kompyuta kubwa ya chuo. Ifikirie kama stoo ambayo mwenyewe sijawahi kuiona. Naifungua kwa jina langu na neno la siri, kutoka kompyuta yoyote. Faili zako zote zimo humo. Lakini namaliza masomo, na tarehe 30 Juni stoo yangu inafungwa, na vilivyomo vinafutwa. Julai naanza kazi mji mwingine kaskazini, na kompyuta yangu mwenyewe bado sina. Profesa wangu angekubali kunitunzia, ni mtu mwema. Ila hata yule mgeni wa kituoni ulisema alikuwa mtu mwema.

Kwa hiyo nataka zije kwako. Zikae nyumbani kwako, kwenye kompyuta utakayopata, hata ya mtumba. Nimeanza na disketi kumi na mbili, nazituma leo hii.

Nimeshindwa kulala kwa furaha.

Mwanao,
Prudencia

*

Nyakato, Mwanza
9 Aprili 1999

Mwanangu Prudencia,

Marahaba. Pasaka ilikuwa njema, mama yako alivaa kitenge kipya, amani ipo.

Kuhusu kunakili bila ruhusa, nilikasirika. Mama yako anasema ilichukua dakika tano, mimi nadhani zilifika kumi. Baada ya hapo nilianza kuzunguka uwani kama mtu aliyepoteza funguo.

Kifurushi kimefika kikiwa kama kimekaliwa na mtu. Nilikipeleka mjini kwa Masele, kijana mmoja mwenye duka la kompyuta karibu na posta. Disketi kumi na moja mashine ilizikataa. Ya kumi na mbili ililia sana, halafu picha moja ikafunguka. Kichwa kikaja, jicho, pezi la juu, halafu kijivu mpaka chini. Nusu ya samaki. Lakini niliijua ile nusu, Prudencia! Hata mahali brashi ilipoteleza mwaka 1974 pameonekana. Masele alitaka kuifunga, nikamwambia aache kwanza. Nilikaa pale mpaka akamaliza chai yake.

Sasa habari kubwa. Nimenunua kompyuta. Ni mtumba, ilikuwa ya ofisi ya kiwanda kimoja hapa Nyakato, viwanda vya minofu vinabadilisha mashine kila kukicha. Zile santuri zinazong'aa wanazoziita CD haina pa kuingizia, nimeuliza. Lakini Masele amefungiwa simu ya intaneti dukani, na anasema faili zinaweza kuja zenyewe kupitia waya, kutoka stoo yako moja kwa moja mpaka tumboni mwa kompyuta yangu. Je, ni kweli au anatafuta wateja?

Mama yako ameifunika kwa kitambaa cha meza na kuweka ua juu yake.

Baba yako

*

Bergen
27 Aprili 1999

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifanya nicheke maktaba nzima ikageuka. Mwambie mama ua lisiwe na maji.

Ni kweli kabisa, Masele hakudanganyi! Mpe karatasi niliyoibana nyuma ya barua hii. Kuna anwani ya kompyuta ya chuo na jina langu. Neno la siri nimelibadilisha: ni jina la bibi, mama yako wewe, kwa herufi ndogo, sitaliandika hapa. Yeye ataingia, ataona orodha ya samaki wako, na atawashusha mmoja mmoja. Msiwaombe wote kwa pamoja, maana simu ikikatika mnaanza upya. Na mkishamshusha mmoja, mfungueni mumtazame mpaka mkia. Orodha inaweza kuonyesha jina zima kumbe samaki ni nusu.

Kila picha ni kubwa. Kwa simu ya Mwanza huenda ikachukua robo saa au zaidi. Tafadhali anzeni mapema, msisubiri mwisho wa Juni.

Baba, nimekaa nikiwaza. Uliwahi kuniambia nimewakimbia samaki. Sijui kama nimewakimbia. Najua tu kwamba ile skana ilikuwa ikipita juu ya kila ukurasa na mwanga wake, na mimi nilikuwa nasema majina yao kwa sauti kama ulivyonifundisha, na msichana wa meza ya pili akadhani nasali.

Mwanao,
Prudencia

*

Mwanza mjini, dukani kwa Masele
5 Juni 1999

Prudencia, mwanangu,

Salamu zangu ni fupi leo, sote wazima, naandika huku macho yangu yako kwenye kioo.

Umesema tuanze mapema, lakini barua yako ilikawia njiani na simu ya Masele ilikuwa imekufa wiki mbili. Jana imefufuka. Leo alfajiri nimekodi mkokoteni. Kompyuta tuliifunga ndani ya godoro lako la shule, kioo chake nikakipakata mwenyewe. Kutoka Nyakato mpaka mjini mimi nilitembea ubavuni nikiwaambia watu, "Polepole, kuna samaki humu!" Hawakuwamo bado. Mama yako alitembea upande wa pili, magoti yake amesahau.

Masele akaunganisha. Mashine ikapiga kelele kama redio inayotafuta stesheni. Kisha kimya. Kisha orodha! Majina yangu, Prudencia, kwa tahajia yangu, mpaka yale niliyokosea.

Wa kwanza alichukua dakika ishirini na mbili. Masele akamfungua. Akashuka mstari kwa mstari, kama mtu anayevuta pazia chini: mgongo, magamba, mstari mweusi wa ubavuni, tumbo. Mama yako akasema, "Mkia je? Mkia uko wapi?" Na mkia ukaja. Tulipiga makofi sisi watatu na mteja mmoja aliyekuja kutoa fotokopi.

Mpaka sasa tumeshusha tisa. Simu imekatika mara sita. Masele amekubali kompyuta yangu ikae hapa dukani mpaka tumalize. Nitakuwa nakuja kila siku asubuhi kabla laini hazijajaa.

Nisubiri.

Baba yako

*

Imeili, 22 Juni 1999

Mwanangu shikamo samahani ni mimi baba ndiye ninayeshikamoiwa. Naandika kwa kidole changu mwenyewe. Masele amekaa mbali. Tumefika themanini na nane. Watu wanakuja kuangalia. Nafasi kati ya maneno naipata kwa kibao kirefu cha chini. Baba

*

Imeili, 22 Juni 1999

BABA! Nimesoma mara nne! Shikamoo! Themanini na nane! Zimebaki hamsini na mbili na siku nane. Endeleeni, msilale! Nikiamka asubuhi jambo la kwanza naangalia kama kuna mtu ameingia stooni, naona ni nyinyi, nakaa hapo nawatazama mnavyochukua. Mwanao P.

*

Imeili, 29 Juni 1999

Umeme ulikatika juzi na jana siku nzima. Leo umerudi. Zimebaki kumi na saba. Nimekula hapahapa. Baba

*

Imeili, 30 Juni 1999

Baba, wanafunga saa kumi na moja jioni kwa saa zenu. Nimekwenda kuwaomba wanipe wiki moja zaidi, wamesema hapana. Naona mko ndani bado. Nipo hapa. Sasa hivi naona mmechukua mmoja mwingine. Na mwingine! P.

*

Imeili, 1 Julai 1999

Shikamoo baba. Nimejaribu kuingia asubuhi hii, hakuna kitu. Mmepata wote? Nijibu tafadhali. P.

*

Imeili, 8 Julai 1999

Baba? Nimehamia mji mpya, anwani ya imeili ni hiihii, si ya chuo. Nimempigia Masele, simu haiiti. Mama hajambo? Kama zimepotea niambie tu, sitalia. Prudencia.

*

Kamanga, upande wa Sengerema
11 Julai 1999

Mwanangu mpendwa Prudencia,

Marahaba, na unisamehe kwa kukuacha ukiwa na wasiwasi. Mama yako hajambo, nimemwacha nyumbani na kompyuta. Simu ya Masele imekufa tena tangu siku ileile, na mimi sikuwepo mjini. Nitakuambia kwa nini.

Saa kumi na moja ilipofika tulikuwa tumeshusha mia moja na thelathini na saba. Watatu walibaki huko, na hatutawapata. Niliwaandika majina kwenye karatasi nikakaa nayo kidogo. Halafu Masele, ili kunifariji, akaanza kuwapitisha wote kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, na watu wakajaa mpaka mlangoni.

Kati yao kulikuwa na mama mmoja mwenye beseni kichwani, jina lake Evelina. Anakaa huku Kamanga, huvuka na kivuko kuuza samaki wa kukaanga. Alipopita yule wa sabini na moja, mwenye midomo minene na mistari miwili ubavuni, akasema, "Hee! Huyu mbona namjua."

Nikamwambia, "Mama, huyo hayupo tena. Mara ya mwisho aliletwa kituoni mwaka 1982."

Akasema, "Mzee, huyu tunamla. Yuko kwenye mawe karibu na kwetu, sangara hapiti pale. Sisi tunamwita bwana harusi. Lakini wewe umemchora kama amefiwa."

Watu walicheka, mimi sikucheka. Nilimuuliza mara tatu anamaanisha nini. Akasema tu, "Njoo uone."

Nilifika huku Jumatatu. Siku tano hatukupata kitu, upepo ulikuwa mbaya, na nilianza kuona haya kula ugali wa watu bure. Leo asubuhi mume wa Evelina akarudi na mtumbwi, na kwenye beseni la maji kulikuwa na kitu kinachozunguka. Midomo ileile. Mistari miwili. Yule wa sabini na moja. Lakini Prudencia! Kifua chake ni chekundu kama pilipili iliyoiva, mgongo ni kijani kinachogeuka bluu akikata kona, na pezi la nyuma lina vitone vya njano vyenye duara. Mimi nilimpaka kahawia! Niliwapaka karibu wote kahawia! Kwa sababu waliletwa mezani kwangu wamekufa, wametoka kwenye chupa ya dawa, na mimi nikiwa mchoraji mwaminifu nilichora nilichokiona. Evelina alimtoa majini kidogo nimtazame vizuri, na rangi ikaanza kuondoka mbele ya macho yangu, nikapiga kelele amrudishe. Alipomrudisha ikarudi.

Miaka ishirini na mitatu. Nilidhani ningeumia. Nimecheka mpaka Evelina akaita watu.

Zile faili zilizo nyumbani sitazigusa wala kuzirekebisha, zitabaki kama zilivyo. Bila hizo mama huyu asingesimama mlangoni. Ila hapa nimekaa juu ya jiwe, nina karatasi magotini na rangi za maji za kuazima kwa mwalimu wa shule ya hapa, nyekundu yake haitoshi, tafadhali nitumie nyekundu nzuri haraka iwezekanavyo. Evelina ameshika beseni na kila dakika ananiambia, "Mzee, usikae sana, mwache apumue."

Nilikuwa na mengine ya kukueleza, ila naona mtumbwi unarudi na mume wake ananipungia kasia. Anasema amepata mwingine, na huyu ni jike, na kwamba nitupe ile kahawia kabisa.

Baba yako anayekupenda,
Apolinary