Kifuniko Kimoja na Nusu

Tarehe 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Magoti je, bado yanakulalamikia kwa kusimama kutwa nzima kaunta? Sisi wazima. Kikohozi cha Baba kimepungua na anakusalimu. Hakusema, lakini najua anakusalimu.

Nina habari ya kukuchekesha. Mimi, karani wa kliniki ya meno, siku hizi natengeneza kokteli! Kuna tovuti moja, unaweka alama kwenye chupa ulizonazo kabatini, nayo inakuletea vinywaji vyote unavyoweza kuchanganya. Nina wiki tatu tu, na majirani tayari wananibishia hodi. Juzi nilimtengenezea Baba ramu, tangawizi, asali na ndimu. Akamaliza, akaomba glasi ya pili! Nimekiita "Baba Ameomba Tena", nikakiweka kwenye tovuti ileile, na watu wanakipa nyota.

Tarehe 20 mwezi ujao Baba anatimiza miaka sabini. Vinywaji amenikabidhi mimi. Uje, dada.

Mdogo wako

Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mimi mzima, magoti ni yaleyale. Nashukuru Baba ana nafuu.

Hongera. Wiki tatu na simu, umeshakuwa bingwa. Mimi nina miaka kumi na moja katika baa ya hoteli. Nimekata ndimu vidole vikiwa na vidonda, na cheti changu kiko ukutani. Unakumbuka Baba alisema nini nilipopata kazi hii? Kwamba hakusomesha mtoto ili awamiminie walevi. Tangu siku hiyo hajanywa hata maji kutoka mkononi mwangu. Leo anakuomba wewe glasi ya pili.

Barafu isikae sana kwenye glasi. Huo ndio ushauri wangu. Tarehe 20 nina zamu.

Dada yako

Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. U mzima kweli? Nimekuandikia mara mbili, kimya. Sisi hatujambo, Baba analala vizuri.

Kuna mtu kule kwenye tovuti, kajiita Mpita Njia, kanipa nyota moja. Kaandika: "Huyu hajui kupima, arudi alikotoka. Ndimu iwe kifuniko kimoja na nusu, asali vifuniko viwili, na tangawizi ipondwe, isikunwe." Nililia chooni kazini, mgonjwa mmoja akadhani nimeng'olewa jino.

Kisha nikasoma tena. Dada, kwenye tovuti nzima watu wanapima kwa mililita na vijiko. Ni nani anayepima kwa kifuniko? Unakikumbuka kile chekundu cha dawa ya kikohozi ya Baba, tulichochezea duka la juisi nyuma ya nyumba? Wewe muuzaji, mimi mteja msumbufu. Bado ninacho, kwenye droo ya vijiko.

Sikuulizi kitu.

Mdogo wako

Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina uso wa kukuuliza hali.

Ni mimi. Nilitoka zamu nikaona watu mia mbili wamekusifia, wivu ukanishika. Nilitaka ushuke. Kinywaji chako nilikitengeneza mara nne nikitafuta kasoro, nikapata ndimu tu, imezidi. Hayo ya asali na tangawizi ni maringo yangu, ingawa yatasaidia. Matusi niliyaandika bila haya, lakini kwenye vipimo mkono ulikataa kukudanganya.

Nisamehe. Na nikuambie lote: hata sasa ninapoandika, wivu ninao. Si wa nyota zako. Ni wa ile glasi ya pili.

Dada yako

Tarehe 21 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi miguu imevimba, sasa ndiyo najua magoti yako yanasema nini.

Jana watu walijaa mpaka barazani. Nilipima kwa kifuniko chekundu, kimoja na nusu, kama ulivyoandika. Baba akaonja, akaiweka glasi chini. Akauliza, "Nani kakusahihisha?"

Nikamwambia. Akaichukua glasi, akaonja tena. Kisha akasema, "Mwambie ndimu sasa iko sawa." Ndiyo hayo tu, unamjua.

Ila alipomaliza hakuomba tena. Nilidhani nimeharibu, nikamuuliza nimwongeze? Akafunika glasi kwa kiganja. "Ya pili namngoja mwenyewe aje anitengenezee."

Basi sasa mwenye wivu ni mimi.

Mdogo wako

Tarehe 23 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Baba hajambo?

Nimebadilishana zamu, nakuja Jumamosi. Barafu nunua asubuhi. Kifuniko kioshe kwa maji ya moto, ukiweke mezani ambapo Baba atakiona.

Ndimu usiziguse.

Dada yako